Uzoefu wangu na CNC ndogo ya 3018 hapa Dodoma: vibao, bao dogo na mbao zinazopinda

Mbukwenyi wakuu. Kila anayeona vibao vyangu swali lake ni lilelile, hiyo CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, inalipa kweli au ni midoli ya watu wazima? Sa nimeona niandike yote kwa mpigo. Mi naikubali, ila naikubali kwa vitu vidogo tu, na nikuambie mapema kabisa kwamba kwa hapa kwetu Dodoma kitakachokuumiza kichwa sio kompyuta, ni mbao.

Yangu ni ile 3018, jina limetokana na ukubwa wa eneo inalochonga, sm 30 kwa 18, kwenda chini inashuka sm 4 na nusu hivi. Imeagizwa China, ikaja kwenye boksi vipande vipande, laki sita na ushee mpaka inafika kwangu Nkuhungu hapa Dodoma, unaifunga mwenyewe kwa alenki zilizomo humohumo. Ina mota tatu za kusogeza na ya nne ndo inazungusha biti. Bodi yake inatumia GRBL, programu ya bure iliyoanza 2009, inakaa kwenye chipu ileile ya Arduino Uno, kwa hiyo hata bodi ikifa sio mwisho wa dunia. Ukimaliza kufunga chukua skwea uhakikishe spindo (hiyo mota ya biti) imesimama wima, maana ikiinama kidogo tu kila shimo utakalochonga litakuwa na vingazi chini na msasa wake utaujutia.

Haya, tuje kwenye mbao. Paini ya Mufindi inatoka kwenye baridi na ukungu, ikishushwa huku kwenye jua letu na huu upepo wa mwezi wa saba inakauka mbiombio na inaanza kupinda, mara ipasuke kichwani. Kwa fundi wa vitanda milimita moja sio kitu. Kwa CNC ni msiba, kwa sababu umeiambia ichonge herufi kina cha nusu milimita na yenyewe haijui kama mbao imenyanyuka katikati, ukiseti ziro (pale mashine inapoanzia kupima) hapo katikati basi biti ikifika pembeni inazunguka hewani tu, herufi za mwanzo na za mwisho hazipo. Kwa hiyo mi nikinunua mbao nazikata kwanza vipande vya urefu wa kazi, nazipanga ndani kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, nazisahau wiki kadhaa, ndo nazipeleka kurandwa. Wanaonunua mbao asubuhi wakataka kuchonga jioni ndo haohao wanasema mashine mbovu.

Kwenye kurandiwa namtegemea mzee mmoja seremala jirani yangu. Siku ya kwanza alisimama akaiangalia inavyojiendea yenyewe akaniuliza, "Kijana wangu, sasa hapo fundi ni nani, wewe au hiyo kompyuta?" Nikamwambia mzee wangu hata mi sijui. Sasa hivi ananiletea vipande vya kubandika kwenye milango ya makabati nimchongee maua, na bei ananipangia yeye.

Mninga mkavu ndo naupenda kuliko mbao zote, hautoi manyoya, herufi zinatoka kali na ukipaka mafuta rangi inafunguka yenyewe. Paini ni rahisi ila inatoa manyoya, hasa ukitumia biti inayovuta takataka kwenda juu, dawa yake bandika masking tepu juu ya mbao kabla ya kuchonga au tumia biti ile inayokandamiza chini. MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandishwa, haipindi hovyo ila vumbi lake baya na ikigusana na maji inavimba. Mpingo sasa, asee, ile mbao ukiitupa kwenye maji inazama, usitegemee kuichimba kwa mashine hii, mi nachongea majina tu kwa biti ya ncha ya V, kina cha milimita 0.2 kila inapopita, unaiacha ijivute taratibu we unaendelea na mambo yako.

Kwa anayetaka namba: na biti bapa ya mm 3.175, paini natembeza 800 mm kwa dakika kina milimita 1, mninga 500 na kina nusu milimita. Ukizidisha hapo fremu inaanza kutetemeka na duara linatoka kama yai. Duara likiendelea kuwa yai hata ukipunguza spidi, basi angalia nati kwenye skrubu ndefu, itakuwa inacheza.

Kazi ninayojivunia ni bao dogo la kusafiria. Bao la kawaida haliingii humo hata kwa dua, lakini nilikaa nikapiga hesabu, mashimo manane kwa safu, safu nne, kila shimo upana wa mm 28, ukiyapanga vizuri mashimo 32 yanaenea kwenye hizo sm 30 kwa 18 na nafasi ya pembeni inabaki. Nilichora kwenye Inkscape, ni ya bure, halafu nikatengeneza njia za biti kwenye Easel ambayo inafanya kazi kwa kivinjari kwa hiyo bando liwepo. Mashimo naanza na biti bapa kutoa nyama nyingi, namalizia na biti ya kichwa cha mviringo ili chini pawe laini kete isikwame. La mninga linakula karibu mchana mzima. Na nyumba sasa, si mnajua nyumba ni shimo la mraba, biti inazunguka kwa hiyo kona ya ndani haiwezi kuwa kali, itabaki na duara la ukubwa wa biti yenyewe, hakuna programu itakayokuokoa hapo. Nachukua patasi namalizia kona kwa mkono, kona nane kwa nyumba mbili, dakika chache tu. Kete 64 natumia mbegu ndogondogo au shanga za mbao kwa sababu komwe hazienei.

Kushikilia mbao usiamini vile vyuma vya kubania vinavyokuja na mashine, vinakula nafasi na biti ikivigonga imeisha. Bandika masking tepu kwenye meza, bandika nyingine chini ya mbao, katikati weka supagluu, kandamiza. Inashika kinoma na ukimaliza unabandua bila kuacha uchafu.

Udhaifu upo. Hiyo mota ya kuzungusha biti ni ya aina ya 775, volti 24, ya brashi, kwa kazi ndefu na joto la mwezi wa kumi na moja huwezi kuigusa kwa mkono, na brashi zinaisha. Yangu nimeshabadilisha, spea yake sio ghali, lakini ningekuwa nanunua leo ningetenga kabisa hela ya spindo kubwa ya wati 300 au 500. Biti zinazokuja bure kwenye boksi ni za kujifunzia tu.

Umeme haili, mashine na laptopu kwa mchana wote ni kama uniti moja hivi. Shida ni umeme ukikatika katikati ya kazi. GRBL inasahau iko wapi, na hii yangu haina limiti swichi, vile viswichi vya mwisho wa reli, kwamba itajitafuta yenyewe. Ndo maana nimepigilia kibao cha kona kwenye meza, mbao inakaa palepale kila siku na ziro naipima kwenye kona hiyohiyo, umeme ukirudi naseti upya naanzia kwenye mstari wa maelekezo ilipoishia, UGS, programu ya kwenye laptopu inayotuma maelekezo kwa mashine, inakuruhusu kufanya hivyo. Laptopu iwe na betri zima lakini, sio ile inayoishi kwenye chaja.

Vumbi: vaa barakoa, sio utani. Unga wa mninga unawasha pua na mwenye pumu asikae karibu kabisa. Na kelele zake majirani watakujua, mi saa moja jioni nazima.

Soko lipo usipotaka kutajirika kwa mwezi mmoja. Vibao vya majina vya mezani kwa watu wa maofisi ya serikali kule Mtumba ndo vinatoka sana, vibao vya funguo, namba za nyumba, na sinia dogo lenye kichala cha zabibu ambalo wageni wa wakati wa Bunge wanabeba kama zawadi ya Dodoma. Milango, vitanda, meza, hapana, hizo kaa mbali. Bao dogo la mninga nauza elfu sitini, la paini elfu thelathini na tano, na anayetaka bao kubwa la kuchezea komwe huwa namuelekeza kwa wachongaji wa mkono.