Rivyu: kozi ya biashara ya mainjinia hapa Kisumu, inafaa kulipiwa ama la

Wengi mmeniuliza hii kozi ya Jumamosi ya ujasiriamali ya wanafunzi wa uhandisi hapa Kisumu iko aje, kama ni pesa ya kutupa ama kuna kitu mtu anapata. Mimi niko mwaka wa tano uhandisi wa umeme, niliimaliza muhula uliopita, na jibu langu ni ingia, lakini ingia ukiwa mwaka wa tatu ama wa nne, na ujue mapema ni wapi itakuacha njiani. Naipa nyota 4 kwa 5.

Sisi chuoni tayari tuna yuniti ya ujasiriamali, ile mnaijua, sifa za mjasiriamali, aina za biashara, unaandika mpango wa biashara mrefu usiku mmoja, unafanya mtihani, unasahau. Hakuna mtu hukuuliza kama kuna binadamu amekubali kutoa pesa anunue hicho kitu chako. Hata ile projekti ya mwaka wa mwisho ni vile vile, unatengeneza, walimu wanaangalia, wanakupa alama, halafu mashine inaingia stoo ya maabara na hapo ndio safari yake imeisha. Hii inaniuma sana kwa sababu kuna vitu vizuri vimelala kwa hizo stoo. Hii kozi imeshika hapo hapo. Hukubaliwi kuchora chochote mpaka urudi na maneno ya wateja, na si wateja wa kufikiria, watu umeongea nao.

Siku nzuri kuliko zote ilikuwa Dunga, ule ufuo wa wavuvi hapa Ziwa Victoria. Kulikuwa na kikundi cha watu wa mekaniko walikuwa na wazo la kikaushio cha sola cha omena, wale dagaa wa ziwa. Wazo lenyewe lina maana, omena pale inaanikwa juu ya neti chini, jua likiwaka inakauka siku hiyo hiyo, mvua ikija inaoza na ile ya kuharibika inaenda kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku. Basi wakamwonyesha mama mmoja michoro kwa simu, akaangalia vizuri tu, akauliza ni pesa ngapi. Wakamwambia shilingi 48,000. Mama akaendelea kupima omena yake na gorogoro, ule mkebe wa kupimia, akamaliza na mteja, ndio akasema, "Mwanangu, mvua hunisumbua mwezi wa nne na wa tano, na kidogo tena mwisho wa mwaka. Ile miezi ingine jua ni la Mungu, silipi. Sasa nikupe hizo pesa zote za nini?" Kabla hawajajibu akaongeza, "na mvua ikinyesha, hiyo sola itatoa jua wapi?"

Nakwambia hilo swali la pili mimi sijawahi sikia mtu akiliuliza kwa darasa la thamodinamiki. Kikaushio cha sola kinazuia maji ya mvua sawa, lakini kukiwa na mawingu siku nzima joto linashuka na hewa yenyewe ina unyevu, kwa hivyo maji hayatoki kwa samaki vile umepiga hesabu. Yaani mashine inafanya kazi vizuri wakati haihitajiki na inalegea wakati inahitajika. Halafu mama mwenyewe ndio akawapa njia, akasema kama wao wangekuwa wanamkaushia, yeye awalipe kwa kila gorogoro, hapo wangeongea. Wale vijana walirudi wakabadilisha kila kitu, si kuuza mashine tena, ni kuuza huduma, kikaushio kimoja kikubwa pale ufuoni chenye jiko la kusaidia siku ya mawingu, na malipo kidogo kidogo kwa M-Pesa. Mwalimu akawakumbusha kwamba sola za nyumbani zilienea vijijini kwa njia kama hiyo, si kwa sababu bei ya paneli ilishuka peke yake, ni kwa sababu M-Pesa ilikuwa imeanza 2007 na mtu angeweza kulipa vishilingi vya kila siku bila kusafiri kwenda benki. Huyo mwalimu anajua kazi yake, na anasikiliza mwanafunzi mpaka mwisho, heshima kwake.

Kitu cha pili cha maana ni siku walileta fundi wa jua kali kutoka soko la Kibuye. Mzee huyo hakuja na slaidi, alikuja na kipande cha angle line, kile chuma cha umbo la L. Akatuambia mainjinia humletea michoro yenye mguu wa mita 1.7 na hapa hadwea chuma kinauzwa cha mita 6. Piga hesabu, unapata miguu mitatu na sentimita 90 zinabaki chini, na hizo umelipia. Punguza mguu uwe mita 1.5, unapata minne na hakuna kinachobaki isipokuwa ile kidogo inaliwa na kisu cha kukatia. Hiyo peke yake inashusha bei bila kugusa nguvu ya mashine. Akatuandikisha pia vitu ambavyo watu husahau kwa bei, welding rods, rangi, umeme, usafiri wa mkokoteni, na siku zako mwenyewe, maana wanafunzi wengi huhesabu jasho lao ni bure halafu biashara ikianza kweli hawana cha kumlipa mtu.

Mambo ya sheria yalipitiwa haraka lakini yalitosha kukufungua macho. Patenti, yaani haki ya kulinda uvumbuzi wako, Kenya inalindwa miaka 20, kuna pia ile ndogo ya utility model ya miaka 10 ambayo inafaa sana vitu vyetu vya kuboresha, na zote zinapitia KIPI, ile taasisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi. Ukitengenezea kitu kwa maabara ya chuo, uliza mapema chuo kinasema kitu ni cha nani.

Sasa mahali imeniangusha. Jumamosi nyingi sana zilienda kwa kupichi, yaani kuuza wazo lako mbele ya wawekezaji, simama hivi, slaidi ziwe hivi, dakika tatu, mwekezaji anataka kusikia hivi. Wewe niambie, ni mwekezaji gani anakungoja huku mtaani Kondele? Hapa mtaji wa kwanza unatoka kwa chama, sacco, mjomba, ama diposti ya mteja mwenyewe. Hawakutufundisha kuitisha diposti. Hawakutufundisha vya kutosha kukopesha na kudai, na hiyo ndio inaua karakana nyingi, unauzia shule ama taasisi kubwa, wanapokea mashine wanashukuru, halafu malipo unangoja mpaka stoki inaisha. Hilo lilistahili siku nzima, lilipata nusu saa. Nimewaandikia hivyo kwa fomu yao ya maoni na natumaini wataibadilisha, kwa sababu hii ingine wameifanya vizuri kweli.

Pia hakuna karakana. Ada unalipa lakini vyuma na mafundi ni juu yako, na ukiwa mwaka wa tano Jumamosi zinagongana na projekti na CAT za mwisho, ile mitihani midogo ya muhula, ndio maana nasema njoo mapema, utumie yale umesikia sokoni kuchagua projekti yenyewe.

Kama unajiandikisha, uliza kuhusu kulipa ada mara mbili, wanakubali lakini kwa tangazo hawajaandika. Na uingie kwa kikundi kilicho na mtu wa kozi tofauti na yako, wale wa umeme peke yao tulikuwa tunarudi kwa betri kila saa.