Miungu walioishiwa mafuta: uzoefu wangu na Nikopol

Nikopol ni hadithi ya katuni ya vitabu vitatu. Niliinunua mtandaoni, mtumba, toleo la Kiingereza lenye vitabu vyote vitatu ndani ya jalada moja. Kilinitoka shilingi elfu nne na ushee pamoja na usafirishaji, kikakaa njiani wiki saba, na kilipofika kona moja ilikuwa imebonyea. Muuzaji alikuwa ameandika "kama kipya". Nilinung'unika siku mbili, kisha nikakifungua, na manung'uniko yakaishia hapo.

Kisa kinaanzia Paris, mwaka 2023. Enki Bilal, aliyeitunga na kuichora, alitoa sehemu ya kwanza mwaka 1980, kwa hiyo kwake huo ulikuwa mwaka wa mbali, sisi tumeshaupita. Mji umeoza, unatawaliwa na dikteta aitwaye Choublanc, na juu yake inaelea piramidi. Ndani wamo miungu wa Misri ya kale, viwiliwili vya watu na vichwa vya wanyama: Anubis bweha, Bastet paka, Horus kozi.

Sasa sikia. Piramidi imekwama kwa sababu imeishiwa mafuta. Walioabudiwa maelfu ya miaka kando ya Nile wanambembeleza Choublanc awauzie mafuta, naye anataka alipwe kwa uhai usio na kifo. Wakati wa kusubiri wanacheza Monopoly, ule mchezo wa ubao wa kununua viwanja na nyumba! Nilicheka peke yangu kwenye matatu hadi jirani yangu akachungulia.

Mimi nilikuwa mtu wa Marvel, wale Wamarekani wa katuni za mashujaa. Huko Osiris, Horus na Seth waliingia kwenye hadithi za Thor mwaka 1975, wakafanywa jamii ya viumbe wenye nguvu kupita binadamu, na Khonshu, mungu wa mwezi, ndiye anayemtuma shujaa Moon Knight. Burudani ipo, sikatai, ila mara nyingi unachobaki nacho ni misuli na kelele. Hawa wa Bilal wana nguvu zilezile lakini wana shida kama za baba mwenye gari bovu, na ndiyo maana niliwaamini.

Ukurasa niliourudia zaidi ni wa mguu. Alcide Nikopol ni mwanaanga aliyegandishwa na kutupwa angani miaka 30 kama adhabu. Anaporudi duniani anaanguka vibaya, mguu uliogandishwa unakatika. Horus, ambaye amewaasi wenzake na anahitaji mwili wa kujificha, anamtengenezea mguu mwingine kwa kipande cha reli ya metro, treni ya chini ya ardhi. Ni chuma tupu, kizito kiasi kwamba bila Horus ndani yake Nikopol hawezi kuunyanyua. Kwa hiyo akitaka kutembea, lazima akae na mpangaji asiyelipa kodi, tena anayempangia mwenye nyumba pa kwenda. Urafiki wao wote unasimama juu ya reli hiyo.

Kitabu cha pili, kinachomhusu Jill Bioskop, mwandishi wa habari mwenye nywele za buluu, kinapendeza macho ila kilinisinzisha. Pia ujue kuna uchi na damu. Usikiache mezani kama una watoto.

Cha tatu, cha 1992, kinatupeleka Afrika, kwenye mji uitwao Equator City. Humo ndimo Bilal alimobuni mchezo wa kuchanganya ngumi na sataranji, ambao Mholanzi Iepe Rubingh aliuleta ulingoni kweli mwaka 2003. Lakini kilichonichekesha ni ajabu kuu ya mji wenyewe: uko kwenye ikweta na una baridi kali. Mimi nimekulia Nanyuki. Kibao cha ikweta kiko kando ya barabara, watalii wanapiga picha wamevaa kaptula zao, na sisi asubuhi tunakipita tukienda shule tumevaa sweta mbili.