Kisagio cha chakula cha nguruwe hapa Luanda: kusaga safi, pelleti (unga uliokandamizwa kuwa vidonge) sijashawishika

Kama unafuga nguruwe pande za Luanda, Maseno ama Emuhaya na umechoka na chakula cha dukani kupanda bei kila ukienda, kuna jamaa huku wanakusagia mahindi yako mwenyewe na kukuchanganyia kila kitu, na kwa wale wadogo waliotoka tu kunyonya ndio kazi yao inaonekana vizuri.

Kwanza skrini, lile bati la matundu ndani ya mashine unga unapopitia. Posho mill nyingi zina ile moja tu ya ugali, unga unatoka laini wa kupeperuka, nguruwe wanapiga chafya, unaganda kwa bakuli, na wakila hivyo muda mrefu tumbo linaanza kufanya vidonda. Kwingine unasagiwa chenga kubwa za kuku, asubuhi unakuta vipande vya njano kwa kinyesi, hiyo ni pesa yako imepita hivyo tu. Hapa kijana anachukua spana anafungua mashine anakuwekea skrini ya milimita 3, na usiogope ukubwa wa hayo matundu, zile nyundo za ndani zinapiga mahindi mpaka chembe nyingi zinatoka ndogo kuliko tundu lenyewe. Nguruwe anataka kama milimita 0.5 hadi 0.6. Mimi huchota kwa kiganja nikasugua na kidole gumba, nikisikia mikwaruzo kidogo basi nimeridhika. Ila sema mapema wewe ni wa nguruwe, ukinyamaza utasagiwa na skrini ya mtu wa kuku aliyekutangulia hapo kwa foleni, na hawatakuuliza.

Wakubwa wanavumilia haya mambo, mdogo havumilii. Tumbo lake limezoea maziwa, vimeng'enya vya kuvunja wanga bado ni vichache, asidi pia kidogo, sasa mahindi yasiyosagika sawasawa yanateremka hadi utumbo mkubwa yakiwa mazima, bakteria wanafanya sherehe huko, mtoto anaendesha na uzito unasimama hapo hapo. Kumrudisha kwa reli ni shida.

Soya wanaikaanga kwa pipa linalozungushwa kabla ya kusaga, hiyo nawapa maksi zote, maana soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe na nguruwe anadumaa akiwa anakula vizuri tu. Omba punje moja utafune: ikiwa bado ina ladha ya maharagwe mabichi waambie warudishe kwa moto, hawanuni. Omena (dagaa) yao ya kuchanganyia sasa, hapana, ina mchanga mpaka unausikia kwa meno, nunua yako Kisumu uje nayo.

Haya, pelleti. Wanatoza shilingi 8 kwa kilo juu ya pesa ya kusaga na wanakuambia eti chakula kimepikwa. Hakijapikwa. Kile kimashine hakina mvuke, joto lake ni la msuguano tu, wanga hauivi ile ya kweli. Pelleti zinasaidia kwa sababu chakula hakimwagiki sana na mtoto hawezi kuchagua mahindi akaacha pumba, hiyo ni faida, lakini shilingi 8 ni nyingi kwa hiyo peke yake. Mbaya zaidi, wanazifunga kwa gunia zikiwa bado moto, zinatoa jasho ndani, na unyevu na mahindi mnajua vinazaa nini, ukungu na sumu yake, aflatoxin. Ukizichukua zianike kwa turubai kivulini kabla ya kuweka stoo.

Nikitaka kilichoiva kweli napika uji mzito wa ule unga nyumbani nachanganya na kile kikavu, nawapa zile wiki mbili za kwanza baada ya kutoka kwa mama yao. Baada ya hapo tumbo limekomaa, naacha, kuni si za bure na kwa mahindi faida ya kupika haionekani kila mara kwa mizani hata kama kinyesi kimekuwa kizuri. Kwa shayiri watu husema ni tofauti, mimi sina shayiri.

Kusaga na kuchanganya tano kwa tano, pelleti mbili. Nenda asubuhi mapema kabla stima haijapotea, M-Pesa wanachukua, na gunia beba lako maana yao wanauza.