Nimemlaza kobe wangu kwenye friji wiki 11: uzoefu wangu

Kobe wangu amelala ndani ya friji wiki 11, na sasa ninavyoandika yuko sakafuni anatafuna majani. Naanza na hilo kwa sababu najua mtu akisikia kobe yuko kwenye friji anashtuka. Hata mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilikataa katakata.

Shwari ni jike wa jamii ya Testudo hermanni, kobe wa nchi kavu ambao kwa asili yao hujifukia udongoni baridi ikianza na kulala mpaka joto lirudi. Msimu uliotangulia nilimlaza stoo, ndani ya sanduku la mbao lililojaa udongo. Katikati ya msimu zikaja siku nne za joto, na asubuhi moja nikasikia kucha zinakwaruza mbao. Alikuwa ameamka, tumbo tupu, na nje hakuna jua la kuota. Kumrudisha katika hali yake kulinichukua wiki nyingi, na sikutaka tena kumwona vile.

Shida ya stoo ni kwamba joto lake halitulii. Kobe aliyelala anataka nyuzi 5 za Selsiasi hivi, usiku na mchana. Joto likivuka 10, mwili unaanza kuamka na kula akiba yake. Likishuka chini ya sifuri, macho yanaweza kuganda akawa kipofu, au akafa kabisa. Chombo kinachoweza kukaa kwenye nyuzi 5 kwa miezi, watu wengi tayari wanacho jikoni.

Friji ya kwanza niliyonunua niliirudisha. Ilikuwa ile midogo ya vinywaji isiyo na kompresa. Friji za aina hiyo hupoza kwa kiasi fulani tu chini ya joto la chumba, kwa hiyo chumba kikipata joto, nayo inapanda. Niliijaribu tupu ikashindwa kushuka chini ya nyuzi 9. Kwa kuweka soda inatosha, kwa kobe haifai.

Ya pili ni ndogo pia, lakini ina kompresa. Hii niliijaribu wiki tatu kabla ya kumweka Shwari, na nakuomba usiiruke hatua hiyo hata kama friji ni mpya. Kitufe chake kina namba 1 mpaka 7 zisizokwambia chochote kuhusu nyuzi. Halafu nikagundua jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayakulitaja: karibu na mlango palikuwa na nyuzi 5, lakini nyuma, kwenye ule ukuta unaoshika barafu, palikuwa na 2. Nikajaza chupa sita za maji nikazipanga nyuma na pembeni. Maji mengi hayabadiliki joto haraka, kwa hiyo yanaituliza friji yote hata mlango ukifunguliwa. Baada ya hapo kipimo kikakaa kati ya 4 na 6, na sanduku lake nikaliweka katikati, mbali na ule ukuta.

Hata hivyo kifaa ninachokisifia kuliko vyote ni kipimajoto. Kina kioo kinachobandikwa nje ya mlango, na waya mwembamba unaopita chini ya mpira wa mlango hadi kwenye kihisi kilicholala kando ya gamba la kobe. Kinakumbuka joto la juu na la chini kabisa tangu ulipokitazama mara ya mwisho, na kinapiga kengele likitoka nje ya mipaka uliyoweka. Wiki ya sita kililia saa nane usiku. Nilikuta 2.4 na inaendelea kushuka. Kompresa ilikuwa inaunguruma bila kupumzika. Nikazima friji, nikafungua mlango kidogo, nikakaa pale kwenye kiti mpaka ikarudi 5, kisha nikaiwasha na kushusha kitufe. Bila ile kengele ningeamka asubuhi na kukuta msiba.

Kazi yenyewe si kubwa, ila haina siku ya mapumziko. Kobe aliyelala bado anapumua, polepole mno, na friji imezibwa pande zote. Kwa hiyo kila siku nilifungua mlango na kupepea kwa kipande cha kadibodi hewa ibadilike. Kila Jumapili nilimtoa haraka, nikampima kwenye mizani, nikapapasa udongo chini yake kama una unyevu. Akikojoa akiwa amelala, amepoteza maji aliyoyategemea na inabidi umwamshe. Siku aliyoingia alikuwa gramu 1,140, na siku aliyotoka 1,098. Akipoteza asilimia 10, hatari. Yeye hakufika hata 4.

Friji haitamwokoa kobe aliyeingia mgonjwa. Kabla ya yote daktari wa wanyama alimkagua macho, pua na mdomo, akapima kinyesi kama kina minyoo. Kisha wiki tatu za mwisho hakula kitu, ila kila siku nilimwogesha maji ya uvuguvugu ili anywe na asafishe tumbo. Chakula kikibaki tumboni wakati mwili umepoa hakisagwi, kinaoza humo humo. Pia uwe na uhakika na jamii ya kobe wako. Kobe wa jamii ya sulcata na wale wenye madoa kama ya chui hawalali msimu wa baridi, na kuwaweka kwenye friji ni kuwaua.

Siku ya kumwamsha nilimtoa asubuhi nikamwacha chumbani apate joto taratibu. Saa za kwanza hakuonyesha chochote. Mchana mguu mmoja wa nyuma ulinyooka, kisha kichwa kikatoka, macho bado yamefumba. Nikamweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yaliyofika chini ya kidevu. Akashusha pua majini, na nikaona koo likianza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinywa. Siku ya tatu akala.

Friji naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja naizuia kwa sababu ya kitufe kisicho na nyuzi na ule ukuta wa nyuma. Kipimajoto nakipa zote tano. Msimu ujao natumia hivi hivi, ila naongeza kihisi cha pili kule nyuma kwenye chupa, nijue mapema baridi ikianza kuzidi kabla haijafika kwake.