Mafunzo ya wiki 6 juu ya mateso ya waaminio: maoni ya mshiriki

Nilijiandikisha katika mafunzo haya miezi 4 baada ya kumzika dada yangu, mtu wa maombi aliyefariki kwa saratani huku washirika wenzake wakiwa wamefunga kwa ajili yake. Nayaeleza haya mapema ili msomaji ajue kwamba sikuketi pale kama mkaguzi, bali kama mtu ambaye swali la kwa nini watu waaminifu huteseka lilikuwa limemkaba kooni.

Kila kipindi huchukua dakika 90, na kila mshiriki hupewa kijitabu. Vipindi 3 vya mwanzo ni vya kitabu cha Ayubu, na kwangu hivi peke yake vilitosha kuyafanya mafunzo yawe na thamani. Wafundishaji wengi husoma sura 2 za kwanza, wakarukia ya 42 ambapo Ayubu anarudishiwa mali maradufu, na yale mabishano marefu ya katikati wakayapita kama kelele. Mwalimu wetu aliyakawilia hayo hayo. Alituonyesha kwamba Elifazi, Bildadi na Sofari walifanya vema kwa siku 7, walipoketi chini na rafiki yao bila kusema neno, na kwamba mambo yaliharibika walipofungua vinywa kumweleza kuwa Mungu ni mwenye haki, hivyo anayeteswa lazima amekosa. Maneno yao mengi yangeweza kuhubiriwa leo na watu wakaitikia amina, ilhali mwishoni Mungu anawakasirikia wao na kusema kwamba Ayubu, yule aliyelalamika, ndiye aliyenena yaliyo sawa. Nimekisoma kitabu hiki tangu ujana wangu, lakini sikuwahi kuona kwamba aliyeteta na Mungu ndiye aliyewekwa kuwaombea waliojidai kumtetea.

Kipindi cha 4 kinamhusu mtu aliyezaliwa kipofu, katika Yohana 9, pamoja na wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Yesu anakataa mara zote mbili kuipima dhambi ya mtu kwa ukubwa wa msiba wake. Kipindi kilikuwa kizuri na hakikuwa na maneno mengi.

Udhaifu uko katika kipindi cha 5, kinachojengwa juu ya Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Baada ya maelezo mafupi, kijitabu kinamtaka mshiriki aandike faida 3 alizozipata kutokana na mateso yake. Mistari yangu ilibaki mitupu. Mama aliyeketi kando yangu, aliyefiwa na mwanawe, aliandika neno moja, akalifuta, akaendelea kufuta hata karatasi ikatoboka. Siipingi aya yenyewe, maana Paulo aliyeiandika aliomba mara 3 aondolewe mwiba wake, yaani taabu iliyomsumbua mwilini, naye akajibiwa, “Neema yangu yakutosha,” bila mwiba kuondoka. Ninacholalamikia ni kwamba kijitabu kimeziacha aya zinazoitangulia katika sura hiyo hiyo, ambamo viumbe vyote vinaugua, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Aya ya 28 ikisomwa bila kuugua huko, inafanana mno na maneno ya Elifazi.

Kipindi cha mwisho kiliponya sehemu ya jeraha hilo. Tulisoma Zaburi ya 88, ambayo haigeuki kuwa sifa kama maombolezo mengine bali inaishia gizani, na aliyeisoma kwa sauti alikuwa mama yule yule. Alipomaliza, mwalimu hakuongeza neno. Alikifunga kijitabu chake, akainamisha kichwa, nasi tukanyamaza kwa muda niliouona mrefu sana. Kisha akasoma kilio cha Yesu msalabani, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” na kusema kwamba Mkristo hakupewa maelezo ya kila msiba, ila amepewa Mungu aliyelia kilio hicho.

Ningemshauri aliyefiwa wiki iliyopita angoje kidogo, kwa kuwa vipindi vya Ayubu vinadai utulivu ambao msiba mbichi hauuachi. Waandaaji nao wauondoe ukurasa ule wa faida 3, na dakika zitakazobaki wazipeleke kwenye Zaburi ya 88, kwa sababu siku ile tuliondolewa ukumbini kupisha kikundi kingine wakati mama yule alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusema.