Matembezi ya Benfleet hadi ngome ya Hadleigh: njia tamu, kiongozi mbio

Kwa walioko London wanaotafuta pa kunyoosha miguu Jumamosi: haya ni matembezi ya kikundi, ya kulipia. Unapanda treni Fenchurch Street, unashuka Benfleet, mnafuata ukingo wa mlango wa mto Thames hadi magofu ya ngome ya Hadleigh, halafu mnateremkia Leigh-on-Sea.

Raha yote iko njiani. Mnapita juu ya tuta la kuzuia maji, kulia hori, kushoto malisho yenye majimaji na reli. Tulikuta maji yamekupwa, na bata bukini wenye vichwa vyeusi wametapakaa topeni wakila majani ya bahari. Hutoka Siberia kukimbia baridi. Yaani wao hapa ndipo penye joto, na mimi nimepandisha makoti mawili!

Tope la huko ni udongo wa mfinyanzi, linanata kama ugali wa muhogo. Dada aliyekuwa mbele yangu alikuja na raba nyeupe. Akavuta mguu, mguu ukatoka, raba ikabaki. Vaeni buti.

Ngome sasa. Aliyezoea Fort Jesus asitarajie makubwa. Ilianzishwa na Hubert de Burgh enzi za Mfalme John, Edward wa Tatu akaijenga upya miaka ya 1360, lakini kilima chenyewe kinateleza, kuta zikawa zinaporomoka, na mawe mengi yakang'olewa na kuuzwa. Mchoraji Mwingereza John Constable alipoonyesha picha aliyoichora ya ngome hii mwaka 1829 lilikuwa gofu tayari. Siku hizi imebaki minara miwili ya kutazamika. Ila ukisimama pale juu unaona meli zikipita, na Kent ng'ambo.

Kuingia ni bure, kwa hiyo pesa yako inamlipa kiongozi, na hapo ndipo nina neno. Wetu alikuwa akieleza huku anatembea, mbio mbio. Sisi wa nyuma tuliambulia upepo. Maelezo niliyoyafaidi niliyasoma kibaoni. Chai tulikunywa kwenye shamba la Jeshi la Wokovu, lao tangu 1891, na hata hapo tuliharakishwa.

Waandaaji nawapa nyota mbili, njia tano. Nikirudi nitakwenda na wenzangu bila kulipa mtu. Kigari cha mtoto msibebe, na saa za maji ziangalieni kwanza, maana yakijaa ndege huhama.