Kupimwa afya ya akili chuoni, Tabora: nyota nne

Wadau mnaosoma vyuo vya hapa Tabora, kama chuo chenu kimeanza ile huduma ya kupima wanafunzi afya ya akili msiikimbie. Kwetu imekuja muhula huu, ni bure, ila wengi walikacha wakisema ukionekana pale utaitwa chizi au utapelekwa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, jamani hakuna kitu kama hicho.

Unapewa fomu mbili. Moja ni PHQ-9, maswali 9 ya sonona, inauliza wiki 2 zilizopita umekuwaje, usingizi, hamu ya kula, kujiona umefeli maisha, unajibu kuanzia 0 yaani hapana kabisa mpaka 3 karibu kila siku. Jumla ya juu ni 27, kwetu ukifika 10 unaitwa kuongea na mshauri, na kuitwa sio kwamba umeshakutwa na ugonjwa, nesi alilirudia sana hilo, fomu inaonyesha tu nani aulizwe zaidi. Nyingine ni ya pombe, AUDIT ya WHO, maswali 10.

Kilichonigusa ni swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru. Rumeti wangu (kaniruhusu niseme) aliweka 1 tu, "siku kadhaa", na jumla yake hata 10 haikufika. Nesi akaiona hiyo moja, akamfuata taratibu, "mdogo wangu njoo tukae kidogo", wakakaa chini ya mwembe muda mrefu tu, akapangiwa siku ya kurudi na ilipokaribia akapigiwa simu kukumbushwa. Hapo ndo nikawaheshimu.

Nyota moja nimekata kwa sababu tulijazia fomu kwenye korido, aliye nyuma yako kwenye foleni anasoma majibu yako yote na jina lako liko juu, sasa nani ataandika ukweli? Watu walijaza sifuri tupu wakaondoka. Chuo kitoe chumba, hata darasa moja lililo wazi linatosha kabisa. Halafu kubeti hakuna hata swali moja wakati bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) likiingia tu watu wanalimalizia kwenye mikeka ya kubeti, njaa inaanza, sapu (mitihani ya kurudia) zinafuata, mtu anajifungia geto hataki kuonana na mtu. Waongeze hilo.

Mshauri haji kila siku, kwa hiyo ukizidiwa kabla ya siku yake nenda hospitali ya mkoa, Kitete, usisubiri fomu.